Maana Iliyobaki na Begi

Asubuhi Bwana Kamusi alipofikia neno la Kiingereza run katika kamusi aliyokuwa akiiandika, mkewe, fundi cherehani, alikuwa barazani akishona mfuko wa shati la shule. Fundi akainua macho na kuzikuta maana za neno hilo zimeketi kwenye benchi la wateja wake.

"Mzee, una wageni."

"Wapange foleni," mume alijibu kutoka chumbani, bila kugeuka.

Foleni ilikuwa ndefu, na fundi hapendi mtu akae bure. Maana ya maji kutiririka aliipa ndoo. Ya kuendesha biashara aliiachia wateja, nayo ikapatana nao bei vizuri kuliko yeye. Ya nguo kuchuja rangi aliitenga mbali na vitambaa vyeupe. Ya kugombea uchaguzi iliahidi kufagia, na uwanja unasubiri mpaka leo. Mume aliziita moja moja, akaziandika, nazo zikaaga na kwenda zao.

Jioni ilibaki moja: maana ya kutoroka nyumbani. Ilikuwa pole, imepakata begi dogo. Fundi aliipenda kuliko zote. Tangu herufi C, mumewe alikuwa akimwahidi kwamba karibuni ataanza kula naye mezani, na ngojangoja huumiza matumbo.

"Imebaki ipi?" mume aliuliza.

"Hii yenye begi."

Cherehani ilinyamaza. Bwana Kamusi akageuza kiti kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama mkewe, akalitazama begi, akaogopa. Alimpenda sana mwanamke yule. Alijua pia kwamba maana hii ikishaandikwa itaondoka, na huenda isiondoke peke yake.

"Hii tuiache, mke wangu. Hakuna kamusi isiyo na kasoro."

"Na chakula?"

"Nakuja sasa hivi. Nichungulie tu neno linalofuata."

Punde getini pakasikika nyayo nyingi. Maana yenye begi ikasogea kuwapisha wageni wapya kwenye benchi. Fundi alibandika birika kubwa, akampelekea mumewe sahani chumbani kama kawaida, akamfuta wino shavuni kwa ncha ya khanga.

Kisha alirudi barazani. Mkanda wa begi ulikuwa umefumuka. Akaushona imara, akalivaa begi begani kuujaribu. Lilimkaa vizuri. Akalirudisha chini ya benchi, akaenda kula.