Nilivyowaaga Watu Kabla ya Kupimwa Choo

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa tayari naishi na ukimwi, na nilijifanya bingwa wa ugonjwa huo. Dawa za virusi zilikuwa adimu. Zangu aliniletea shemeji yangu Badi, baharia, nami nikizimeza kwa saa zake bila kukosa. Nikanawiri. Nikarudi kupika biriani za harusi hapa Mishomoroni, nikaanza hata kuwakaripia wapishi wenzangu kwa kuzidisha chumvi.

Kisha tumbo likaharibika. Kuharisha kukaja, kukaondoka, kukarudi. Suruali zikawa zanivuka. Sikumuuliza mtu. Niliamua peke yangu kwamba dawa zimeshindwa na siku zangu zimekwisha.

Na kwa kuwa ni wa kufa, nikataka kufa kwa heshima. Kanzu yangu ya Idi nikampa jirani Ngumbao, ambaye ni Mkristo na hana pa kuivaa. Nikavuka hadi Likoni kumwomba radhi mtalaka wangu, Johari.

"Radhi ya lipi?" akaniuliza. "Maana ni mengi."

Nikashindwa kuchagua.

Aliyechoka ni dada yangu Tumu, niliyekuwa nakaa kwake. "Kaka Ghalib, wafa huu mwezi wa pili. Nenda zahanati."

Muuguzi Pascalia alinisikiliza mpaka nikamaliza kueleza nataka kuzikwa wapi. Akanipa kikopo.

"Niletee choo."

"Sista, mimi nakufa, nawe wataka choo?"

"Utakufa baadaye, Bwana Ghalib. Choo kwanza."

Asubuhi nikatoka na kikopo kwenye mfuko wa kitambaa. Njiani nikakutana na mzee niliyempikia harusi ya bintiye. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia viungo. Akataka kunusa. Wallahi, kwa mtu anayeaga dunia, nilikimbia vizuri sana.

Majibu yakatoka: minyoo ya safura, na amiba juu yake.

"Kinga yako ni dhaifu," Pascalia akasema, "kwa hivyo vitu hivi vikikuingia vinakusumbua kuliko mwingine. Lakini vina dawa. Za virusi endelea nazo vilevile. Unakunywa maji gani?"

"Ya kisima chetu," nikajibu kwa maringo. "Matamu kuliko ya mfereji."

"Na choo chenu kiko wapi?"

Kiko ubavuni mwa kisima. Mahali pale nilipachagua mimi, na mafundi walipobisha niliwaambia hawajui kazi.

"Na jikoni unavaa viatu? Safura huingilia nyayoni."

Miaka yote nimepika uani pekupeku, nikijisifu kwamba mpishi hasa huijua ardhi kwa nyayo.

Nikanywa dawa za minyoo na za amiba. Tumu akawa anachemsha maji, nami nikanunua ndara. Tumbo likatulia, nyama zikarudi mwilini.

Siku niliyorudi kupimwa tena, kwenye benchi palikuwa na mama mmoja kutoka Mikindani, Margret, amekonda, analia taratibu. Akaniambia anaharisha, na dawa zake za virusi hazifanyi kazi tena.

"Dada yangu, umepimwa choo?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba sina adabu. Nikamsimulia yangu, hadi yule mzee na viungo vyake. Akacheka huku machozi bado yakimtoka. Pascalia alipomwita, akainuka akaingia, nami nikabaki hapo benchini kumngoja.