Udongo wa Kina cha Kiwiko

Siku ya Ijumaa, siku moja kabla ya lori kuondoka, niligundua kwamba nilikuwa nimewapotosha wanawake kumi na mmoja.

Walikuwa wanawake wa kwetu, wake na wajane wa askari polisi wanaoishi katika nyumba za polisi hapa mjini, mtaa wa Nsambya, wote wenyeji wa Kitgum, huko kaskazini, kama wazazi wangu. Kila mwaka hukusanya mbegu za karanga na mtama, wakazichagua punje kwa punje, wakazihifadhi sebuleni kwa mwenyekiti wao, Mama Adoch, kisha wakazituma kwa ndugu wanaolima kijijini. Mwaka jana walizituma mara tu mvua za kwanza ziliponyesha. Zikachipua, jua likarudi kwa wiki tatu, miche ikaungua. Magunia kumi na moja ya mwaka huu, moja kwa kila familia, ndiyo akiba yao ya mwisho. Yakipotea, hakuna mengine.

Ndiyo maana Mama Adoch alinijia. "Lanyero, wewe si unasoma mambo ya udongo huko chuo kikuu? Basi usome na wa kwetu."

Kwa kweli nilikuwa nikiusoma. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho inafuatilia unyevu wa udongo wa eneo letu kwa miaka ishirini, kwa kutumia takwimu za setilaiti. Vitabu nilivyovisoma kwa kazi hiyo vilinifundisha kwamba ukame hauishi siku mvua inaponyesha. Hukaa chini, mahali mizizi inapokunywa, na unaweza kuendelea kukaa huko wiki kadhaa huku juu kukiwa na matope. Katika mistari niliyoichora, mvua za kwanza zilikuja karibu tarehe zilezile za zamani, lakini udongo ulizidi kuchelewa kushika unyevu mwaka baada ya mwaka.

Setilaiti, hata hivyo, huona ngozi ya ardhi tu. Kwa hiyo idara yetu iliniazima kipima unyevu kimoja cha kufukia ardhini, ambacho hutuma takwimu zake kwa njia ya simu. Mwezi wa Novemba nilikituma kwa basi kwa baba yangu mdogo, Tarcisio, pamoja na karatasi ya maelezo: kifukiwe katikati ya shamba.

Mvua za kwanza za mwaka huu ziliponyesha, kipima kikasema udongo umelowa. Jumapili, baada ya misa, nikawaambia wanawake wale, "Tumeni." Wakapiga vigelegele, na Mama Adoch akakodi lori la Hamim wa mtaa wa Namuwongo kwa siku ya Jumamosi.

Ijumaa jioni, nikiwa maabara, nikauweka mstari wa setilaiti juu ya mstari wa kipima. Haikupatana hata kidogo. Setilaiti ilionyesha ardhi kavu tangu Desemba hadi mvua hizo za kwanza, kama inavyotarajiwa wakati wa kiangazi. Kipima kilionyesha unyevu hata katikati ya Januari, mwezi ambao kijijini kwetu mtu akitembea huacha wingu la vumbi nyuma yake. Hadi siku hiyo nilikuwa nikitazama wastani wa mwezi. Nilipofungua takwimu za saa kwa saa, niliona meno madogo kama ya msumeno. Unyevu ulipanda kila siku saa moja asubuhi, kisha ukashuka polepole hadi jioni. Ilikuwa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili.

Hakuna mvua inayopumzika Jumapili. Nikampigia simu baba mdogo.

"Baba mdogo, kile kipima ulikifukia wapi?"

"Hapa uani, karibu na mlango," alijibu kwa fahari. "Shambani mbuzi wangekifukua. Na mama yako mdogo anakitunza vizuri sana. Kila asubuhi anapanyunyizia maji kabla ya kufagia. Kitu cha chuo kikuu kikae kwenye vumbi? Walimu wako wakija kukitazama, watatuonaje?"

"Na Jumapili?"

"Jumapili tunawahi misa, mwanangu. Kwani kimelalamika?"

Sikujua nicheke au nilie. Walikuwa wamekitunza kama mgeni wa heshima. Mimi ndiye niliyewaandikia mahali pa kukifukia bila kuwaeleza sababu, na mimi ndiye niliyeyafuta yale meno kwa wastani wangu. Nikamwomba aende shambani kukipambazuka, achimbe hadi kina cha kiwiko, kisha aufinye udongo wa chini mkononi.

Alinipigia mapema asubuhi. "Juu, shubiri moja, umelowa vizuri. Chini yake unapita kati ya vidole kama unga."

Ningeweza kunyamaza. Huenda mvua ingeendelea na hakuna ambaye angejua. Lakini niliyaona yale magunia akilini, nikatoka mbio.

Nilipofika kwa Mama Adoch, magunia manne yalikuwa yamekwisha kupakiwa. Hamim alikuwa amesimama juu yake.

"Msomi amekuja kutuaga!" alisema. "Basi panda, huku juu kuna viti vya mbele."

"Tafadhali, yashusheni," nikasema.

Niliwaeleza yote, tangu karatasi yangu ya maelezo hadi maji ya asubuhi. Akwero, mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mkali, akadakia.

"Kwa hiyo mwaka huu tutavuna mashine, maana ndiyo iliyomwagiliwa!"

Wakacheka, nami nikachekwa. Mama Adoch peke yake hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "mvua imenyesha mara tatu. Nikiwaambia watu wangoje, na mvua ikaendelea, nitakuwa nimewanyima msimu. Nikituma, na jua likarudi, nitakuwa nimewapotezea mbegu. Sasa nimwamini nani, Lanyero wa Jumapili au Lanyero wa leo?"

"Usimwamini yeyote kati yao, mama. Kila mmoja wenu apige simu kwao sasa hivi. Wachimbe hadi kiwiko, wafinye udongo wa chini. Ukishikamana kama tonge la ugali, mbegu ziende. Ukimwagika, zingoje."

Mama Adoch alimtazama Hamim.

"Mimi nangoja mpaka adhuhuri," alisema Hamim akishuka. "Baada ya hapo ninyi na udongo wenu mtaniwia radhi, nina watu wa matofali wanaonisubiri."

Basi simu kumi na moja zikapigwa kutoka barazani pale, zote kwa sauti ya juu, hata majirani wakatoka kuuliza nani amefariki. Mkwe wa Akwero alidai kwamba kiwiko chake ni kifupi, je, achimbe kwa kiwiko cha nani? Shemeji mmoja alipatikana sokoni, akaambiwa arudi shambani mara moja. Majibu yalipoanza kuingia, Mama Adoch aliyaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo za kwaya. Umemwagika. Umemwagika. Unashikamana. Umemwagika.

Mashamba mawili tu, yaliyo kandokando ya kinamasi, yalishika unyevu. Tisa yalikuwa unga mtupu.

"Mawili yaende," Mama Adoch aliamua. "Mengine yarudi ndani."

"Lori la tani saba, magunia mawili!" Hamim alilalamika. "Watanicheka njia nzima mpaka Karuma." Hata hivyo aliyashusha mengine mwenyewe, kwa uangalifu, kisha akaenda kutafuta mzigo wa kujazia.

Jumatatu jua lilirudi. Halikuondoka kwa siku kumi na saba. Kila siku ya tatu ndugu walichimba tena, na kila jioni ya siku hiyo Akwero aliniletea majibu yakiwa yameandikwa kwa mwandiko safi, jina la shamba mbele ya kila jibu. Niliyapanga kando ya mstari wa setilaiti. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho setilaiti haikuweza kunipa: udongo wa chini, ulioshikwa na mikono ya watu kumi na mmoja. Wengine walianza kunung'unika kwamba msimu unapita. Mama Adoch aliwajibu kwa kuwaonyesha ile karatasi.

Mvua ziliporejea, zilinyesha kwa wiki nzima. Wakachimba. Mashamba sita, kisha manane, kisha yote kumi na moja.

"Unashikamana!" mkwe wa Akwero alipiga kelele simuni. "Nimeutupa ukutani, umenata!"

Hamim aliyapakia magunia tisa siku iliyofuata. Siku kumi na mbili baadaye baba mdogo alinitumia picha ya mstari wa karanga changa katika mojawapo ya mashamba hayo, kijani kibichi kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, nami nikaipeleka kwa Mama Adoch. Aliikuza kwa vidole viwili ili aone majani.

"Ufuta tunapanda Juni," alisema hatimaye, akinirudishia simu. "Wiki gani tuanze kuchimba?"