Chumba cha Marehemu Kisibaki Nje

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulianguka siku ya kumi na tisa ya eda ya mama. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa shuleni nafundisha hesabu wakati matofali ya udongo yalipolainika chini na ukuta ukakaa kama mtu aliyechoka, kisha paa likaufuata. Mama alikuwa uani anaosha mchele, kwa hiyo hakuumia. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba chake, juu yake mbingu tupu, nguo zake nyeupe za eda zimejaa tope, anavuta godoro.

Kesho yake Baba mudogo Bulaimu, mdogo wa marehemu baba, alivuka mto kutoka Alunguli. Alitazama, akatikisa kichwa.

“Nyumba imemufuata mwenyewe,” alimwambia mama. “Shemeki, funga vitu. Utamaliza eda kwangu. Hii kiwanja mimi nitaiangalia.”

“Eda yangu ni ya hapa,” mama alijibu, akaendelea kuchambua mabati yaliyopinda na yasiyopinda.

Kwetu mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne ya mwandamo na siku kumi katika nyumba alimoishi na mumewe. Hatoki bila dharura, na hazungumzi na wanaume wageni, ila shehe kwa jambo la dini. Mama aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Lakini kulikuwa pia na jambo ambalo kila mwanamke wa mtaa wetu hapa Kasuku, mjini Kindu, alilijua: mjane akitoka kwenye kiwanja, hata kwa wiki mbili, ndugu wa mume huingia. Mama mkubwa Aziza alitoka hivyo. Leo mbuzi wa shemeji zake wanalala sebuleni kwake.

Basi tulijenga banda palepale kilipokuwa chumba cha kulala, juu ya sakafu ileile. Miti minne, mabati sita, turubai upande wa njia. Ndani mliingia godoro, sanduku na sisi wawili. Nilisahihisha madaftari nikiwa nimekaa juu ya matofali, na mvua ikianza nilihamisha madaftari kwanza, halafu mimi. Mama alipika kati ya magofu ya sebule. Hakulalamika hata siku moja, ila aliwahi kusema kwamba panya wa Kindu hawana adabu ya msiba.

Ijumaa ile, siku ya ishirini na mbili, Baba mudogo alirudi na Shehe Asumani wa msikiti wetu.

“Nyumba ikianguka,” alisema Shehe, “sheria inakupa ruhusa ya kuhama.”

“Ruhusa ama amri, Shehe?” mama aliuliza kutoka nyuma ya turubai.

Shehe alitabasamu. “Ruhusa, mama.”

“Basi nashukuru. Sitaitumia.”

“Shehe, angalia!” Baba mudogo alipaza sauti. “Upepo ukifunua ile turubai, watu wanaenda sokoni wanamuona akichana nywele. Hii njo eda ama sinema?”

Shehe aligeuka akaitazama njia. “Bulaimu anasema kweli. Mjane anahitaji sitara. Nitarudi Ijumaa, wiki mbili kutoka leo. Nikikuta ukuta unaomsitiri mama na wapita njia, atabaki. Nisipoukuta, atavuka kwenda Alunguli, na mimi mwenyewe nitamwambia hivyo.”

Jumatatu akaja fundi Okito, Mtetela wa Kibombo aliyefanya kazi na baba kwenye reli. Alikuja kwa urafiki wao, hatukumwita. Nilipaswa kukaa naye tuelewane kuhusu kazi. Sikukaa. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, na kwa fundi mwenye mvi niliona ni utovu wa adabu kumwelekeza. Nilimwamkia, nikamwonyesha matofali yaliyosalimika, nikakimbilia shuleni.

Jumatano nilipotoka kazini nikakuta ukuta umefika magotini. Ulikuwa umenyooka vizuri sana. Ila banda letu lilikuwa nje yake.

“Papa Okito,” nilisema, “mbona chumba kimebaki nje?”

“Hii kona iko na maji, mwalimu. Maji njo ilikuangushia nyumba. Nimevuta kamba ndani hatua tatu, udongo huko ni mugumu. Nilimuuliza mama.”

“Alisemaje?”

“Alinyamaza. Kwetu mwanamke akinyamaza, amekubali.”

“Yuko eda, Papa. Hazungumzi na wanaume wageni.”

Okito alishika kiuno. “Ee Mungu! Na mimi nilisema, huyu mama ana heshima, hana maneno mengi!”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kosa lilikuwa langu. Nilimfuata mama nyuma ya turubai, nikamwambia labda tuhamishe banda tu, liingie ndani ya ukuta mpya.

“Chumba cha baba yako kikiwa nje,” alisema polepole, “mimi nakaa eda katika nyumba ya nani? Bulaimu hatahitaji kusema kitu. Ukuta utamsemea.”

Nikatoka. Nilimtazama Okito machoni, jambo ambalo silifanyi, nikamwambia tuubomoe. Aliguna, akasema ni ukuta mzuri kuliko kuta zote alizojenga mwaka ule. Kisha akachukua sururu. Tulikuwa na siku tisa.

Kona ile ilipaswa kuchimbwa hadi ardhi ngumu na kujazwa mawe, na mawe yako ukingoni mwa mto Lualaba. Mama asingeweza kwenda. Alhamisi na Ijumaa nilikwenda mimi na kikapu, safari saba, na mawe yangu hayakufunika hata chini ya shimo.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, ya kufyeka majani ya barabara, wakati wanawake wa mtaa bado wameshika majembe, nilisimama mbele yao. Nilisema nilichokuja kusema. Hakuna aliyesikia.

“Ongea kwa sauti, mwalimu!” alisema Mama Euphrasie, jirani yetu, ambaye kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine tangu majina ya Kikristo yakatazwe, lakini mtaani hatukuwahi kulijua. “Ama unasali?”

Wakacheka. Nikaanza upya, kwa sauti ninayoitumia kwa benchi la nyuma: kwamba mama hatatoka kwenye kiwanja chake, kwamba nahitaji mawe kabla ya jioni, na kwamba wanamfahamu Mama mkubwa Aziza.

Kicheko kikakatika. Mama Euphrasie alitupa jembe lake begani. “Kumbe unaweza. Twende mtoni.”

Mpaka jioni shimo lilijaa. Jumatatu Mama Euphrasie alileta na matofali makavu aliyoyatayarisha kwa jiko lake. “Jiko langu halina shemeki,” alisema, “linaweza kungoja.”

Ijumaa ikafika. Baada ya sala Shehe na Baba mudogo walikuja. Kuta zote zilikuwa zimefika juu ya kichwa, isipokuwa ile kona, iliyochelewa kwa sababu ya msingi. Ilifika kiunoni tu, na turubai lilikuwa limeondolewa ili Okito ajenge. Baba mudogo alikwenda moja kwa moja pale, akainama.

“Shemeki, ninakuona! Uko unapepeta mchele!”

Shehe alishusha pumzi. Nikajua atasema nini.

“Shehe,” nilisema, “ulitupa Ijumaa. Ijumaa haijaisha.”

Alinitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza. “Inaisha magharibi.”

“Basi karibuni mkae.”

Niliwatandikia mkeka. Okito akaninong'oneza: “Safu ine tu leo, mwalimu. Nikipita hapo udongo mubichi utasukumana.” Nilikanyaga tope, Mama Euphrasie akapitisha matofali, Okito akapanga. Baba mudogo alisimama, akakaa, akasimama tena, akisema wenye mitumbwi hawangoji mtu. Safu ya pili ilimficha mama mabega. Ya tatu ikabakiza ushungi peke yake. Mikono yangu ilichubuka na sikuiangalia.

Safu ya nne ilipokamilika, jua lilikuwa bado juu ya paa za jirani. Shehe aliinuka, akatoka njiani, akatembea kama mtu anayekwenda sokoni, akarudi.

“Mama Mwavita, upo?”

“Nipo, Shehe.”

“Sikuoni.”

“Alhamdulillahi.”

“Lakini nyumba haina paa!” alisema Baba mudogo.

“Bulaimu, mvua haimtazami mjane. Nilisema wapita njia.” Shehe alikung'uta kanzu yake. “Atabaki hapa.”

Baba mudogo aligeukia kwangu, mtoto wa kaka yake. “Na paa, mutoto ya yaya? Utapandisha wewe?”

“Na Papa Okito. Tunaanza Jumatatu. Ukija na nyundo, tutafurahi.”

Baba mudogo akaondoka kuwahi mtumbwi.

Niliingia kwa mama. Alikuwa amesogeza sufuria mbali na kona, maana udongo ulikuwa bado unadondoka. Alinipakulia wali, akanitazama mikono.

“Zimebaki siku tisini na mbili,” alisema. “Kula kwanza, halafu lete maji tufyatue matofali. Ya kumalizia upande wa mlango hayatoshi.”