Taa Ilimsubiri Mgeni Rasmi

Wenzangu kazini waliniita Mama Uji, na sikuwahi kuchukia. Kazi yangu ilikuwa kukoroga. Unachukua utomvu wa kiwandani, ule unaogeuka mgumu ukipigwa na mwanga wa zambarau, unautia sabuni yake, kisha unaudondoshea maji kidogo kidogo huku mashine inazunguka, mpaka upate uji mweupe mzito. Ndani yake maji yamekatika matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiumulika kwa taa, utomvu unaganda, maji unayakamua, na pale yalipokuwa, yanabaki matundu. Hilo ndilo sifongo letu la kuchujia maji. Lakini uji huo haumsubiri mtu. Uuache umekaa, utomvu unapanda juu, maji yanazama chini, kazi bure.

Karakana ilikuwa ya kaka yangu. Vipimo vyote nilivihangaikia mimi, mikono ikibabuka, yeye akizunguka na tai yake kutafuta wanunuzi. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mnunuzi mkubwa akiridhika tu, chumba cha taa ni chako. Utakisimamia wewe." Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Nikamwamini, mjinga mimi.

Siku mnunuzi alipokuja kutazama, kaka alifunga utepe mlangoni, akapanga viti vyenye vitambaa, akaamua mnunuzi mwenyewe awe mgeni rasmi, ndiye atakayebonyeza swichi ya taa. Uji alitaka uwe tayari kwenye kalibu ya kioo, chombo chetu cha kuugandishia, mgeni asije akasubiri.

"Kaka, ukikaa utajitenga."

"Utakaa kidogo tu. Usinitie aibu mbele ya watu."

Mgeni akachelewa. Niliuona uji ukianza kutoa jasho pembeni, kisha maji yakajipanga chini ya kioo, yakazidi kunenepa. Nikamnong'oneza kaka aniruhusu nikoroge upya. Akanikata jicho. "Gari limeshaingia getini. Tulia."

Mgeni, mzee mpole mwenye haraka zake, akabonyeza, tukapiga makofi. Kalibu ilipofunguliwa kikatoka kipande kikavu kama kigae, na maji yote yakamwagikia viatu vyake.

Kaka hakupepesa hata jicho. "Samahani sana, mzee. Ni huyu mkorogaji wetu. Nitamshughulikia."

Mkorogaji wetu! Tumenyonya ziwa moja, leo sina hata jina la dada. Nilijiambia akitulia ataniomba radhi.

Hakuniomba. Kesho yake asubuhi alinijia kama vile hakuna kilichotokea. "Mdogo wangu, nitengenezee lingine, safi, nimpelekee." Nikakoroga, nikamimina, nikawasha taa papo hapo. Likatoka sifongo jeupe, jepesi, ukilidondoshea maji linayameza yote. Akalifunga kwenye kitambaa, akatoka mbio. Asante aliisahau.

Siku iliyofuata oda ikaingia. Nilikuwa ndiyo kwanza namaliza kukoroga uji wake, simu ya karakana ikalia. Kaka alikuwa nje anapokea mzigo, nikapokea mimi. Alikuwa yule mzee.

"Hongereni! Sifongo safi kabisa. Na mlifanya vizuri kumwondoa yule dada aliyekuwa anawaharibia. Bosi wenu ameniambia hili amelikoroga kwa mkono wake mwenyewe."

"Asante, mzee," nikasema. Mkono wangu wa pili ulikuwa bado umejaa utomvu.

Nikakata simu. Nikaumimina uji kwenye kalibu vizuri, bila kumwaga hata tone. Kisha nikavuta kimoja cha vile viti vya wageni, chenye kitambaa chake, nikakaa kuutazama. Maji yalikuwa yameshaanza kujipanga chini kaka alipoingia.

"Wewe! Mbona hujawasha taa? Si utajitenga huo!"

"Najua," nikamjibu. "Namsubiri mgeni rasmi."