Damu ya Kina Léopold

Cyprien alikuja na mawe. Kaka yake Léopold alikuwa amezikwa Masisi, amekonda kama ufito, mkojo wake damu tupu. Matanga yalipoisha, neno likashuka mpaka mtaa wa Murara: mjane wake, Donatille, alimtilia sumu ya karuho kwenye bia.

Donatille alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha. Cyprien alimkamata nywele, akambamiza kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, huku binamu zake wakiingia ndani kuvunja vyombo.

"Ulimupa nini yaya yangu Léopold?"

"Shemeki, hata baba yenu alikufa vile vile. Naye nilimulisha mimi?"

Cyprien akamwangusha, akamkanyaga mkono, mfupa ukaalika. Marie-Claire, binti wa Donatille, alipiga yowe. Cyprien akamgeukia mtoto, akamrusha chini kwa teke. Hapo Donatille akanyakua mwichi kwa mkono wa kushoto, akamtwanga nao ubavuni kwa nguvu zote.

Cyprien akaanguka. Walipomwinua, suruali yake ilikuwa imelowa damu.

"Ameua wa pili," watu wakasema, wakamshukia Donatille kwa magumi na fimbo mpaka askari jandarme walipomnyang'anya mikononi mwao. Huko kasho nako, mahabusu, walimwita citoyenne, yaani raia, na kumchapa mkanda.

Aliyemtoa ni munganga Mulumeoderhwa, daktari aliyempasua Cyprien ili kuzuia damu. Alimwita Donatille hospitali, jandarme nyuma yake, akamuuliza marehemu Léopold aliumwa vipi. Donatille akaeleza: kwanza mkojo wa damu usiouma, kisha uvimbe ubavuni, kisha kukonda. Baba mkwe naye hivyo hivyo.

"Mwichi haukuleta ugonjwa," munganga akamwambia jandarme. "Umepasua uvimbe uliokuwamo zamani. Figo zote mbili zimejaa kansere. Hii ni ya ukoo. Mutu anazaliwa na kasoro katika damu, anairithi kwa baba kama anavyorithi sura. Si kila mutoto anaipata, lakini anayeipata yuko hatarini. Huyu mama hakulisha mutu sumu."

Kitandani, Cyprien aligeukia ukutani. Furaha kali ilimpanda Donatille. Akasogea ili amtemee mate.

"Léopold aliacha watoto?" munganga akauliza.

Mate yakamkauka mdomoni. Alidhani ule ugonjwa ulizikwa pamoja na mumewe.

"Aliacha," akasema polepole.

"Walete wote. Na wa huyu pia. Uvimbe tukiuona ungali mdogo, tunaweza kuukata."

Cyprien alikufa kabla ya mvua. Donatille alikwenda matangani, mkono bado umefungwa. Mama mkwe wake, Nyiransabimana, ndiye aliyetupa jiwe la kwanza siku hiyo.

"Mchawi amekuja kutazama kazi yake," alisema.

Mawe mengine yakafuata. Moja lilimpasua Donatille paji la uso. Alisimama palepale, damu ikimwingia machoni, akayasema maneno ya munganga mpaka mwisho, ndipo akaondoka.

Asubuhi Mukamugema, mjane wa Cyprien, alikuwa mlangoni pake na watoto wake. Mdomo wake ulikuwa umevimba kwa kipigo.

"Wanasema na mimi nilimulisha bwana yangu," alisema.

Donatille akajifunga kitambaa kichwani, akawaita wanawe, wote wakashika njia ya hospitali.