Mshipa wa Polyesta wa Fundi Doan

Shemeji yangu Doan, fundi cherehani wa mji wa Hoi An, Vietnam, ana kitambaa cha polyesta ndani ya kifua. Miaka mitano iliyopita aota yake, ule mshipa mkuu utokao moyoni, ilivimba kama mpira. Madaktari wa mji jirani wa Da Nang wakakata palipovimba, wakashonea bomba la kitambaa. Lebo ya bomba hilo anatembea nayo kwenye pochi: upana, milimita ishirini na nne.

Juzi juzi kapigwa picha ya kifua. Majibu: ishirini na nane.

"Milimita nne!" akafoka dukani. "Mimi nikikosea hivyo kwenye kola, mteja ananitupia shati usoni! Shemeji, hawa watanipasua tena."

Nilicheka peke yangu. Mara ya kwanza walimpasua kifua katikati kama kuku wa sherehe, na hakuna kitu anachokiogopa duniani, hata dada yangu Thuc aliyemwoa, kama kurudia jambo lile. Siku tatu hakushika mkasi.

Ya nne akakata hariri, akashona bomba lake mwenyewe, mishono miwili miwili, ishirini na nne kamili. Hoi An nguo ikimkataa mteja, kesho yake tunairekebisha bure. Akaona hospitali nayo ifuate utaratibu huo.

Tukamsindikiza, Thuc na mimi, kwa Daktari Quyen aliyemshona. Doan akaweka bomba mezani.

"Daktari, kama ni lazima mnifungue, wekeni hili. Lenu limelegea."

Daktari akalivuta huku na huku. "Mzee wangu, mshono wako umeushinda wangu. Lakini nani kakwambia utafunguliwa?"

"Lebo!"

"Lebo ni ya kitambaa kikiwa kwenye boksi. Damu ikishaingia kwa nguvu, kinatanuka siku hizo hizo. Tunalijua hilo, ndiyo maana tunachagua chembamba. Picha yako ya kwanza baada ya kushonwa ilisoma ishirini na saba. Miaka mitano umeongeza moja tu! Mimi macho yangu yako pale kitambaa kinapoungana na mshipa wako mwenyewe, maana pale pakiachia ndipo penye balaa. Mishono imeshika, tena vizuri."

Thuc akampiga kofi la bega. "Baba Ngan! Kitambaa kinachovutika si unakikata kidogo, mwili unakijaza? Miaka thelathini ya mkasi, unatishwa na lebo!"

"Kwa hiyo sipasuliwi?" Doan akauliza, machozi yanamlenga.

"Hupasuliwi. Ila presha yako iko juu, na presha ndiyo inayokivuta kitambaa. Kuanzia leo ule mchuzi wa samaki wa chumvi kali unaoumwagia kila chakula, mwisho kijiko kimoja kwa siku."

"Kwa mlo," Doan akamrekebisha.

"Kwa siku, mzee."

"Mimi nitampimia, daktari," akasema Thuc, uso umemng'aa kama bibi harusi.

Doan alimtazama mkewe, akamtazama daktari, akashusha pumzi ndefu.

"Na huo upasuaji," akauliza kwa upole, "huwa unachukua saa ngapi?"