Kifungu cha Ishirini na Moja

Wakili wa mnunuzi wa asali alichokonoa jino, akakitazama alichokitoa, kisha akaipangusa njiti kwenye ukingo wa mkataba. Mfasiri aliliona doa la mate likienea juu ya karatasi, akauvuta mkono wake mbali.

"Kifungu cha ishirini na moja umekipatia," wakili alimwambia. "'Mkataba utaongozwa na sheria inayofaa.' Tusiwatishe watu kwa majina ya nchi."

Nakala ya lugha ya kigeni haikusema hivyo. Ilitaja nchi ya mnunuzi, sheria zake na mahakama zake, safari ya ndege mbili kutoka pale. Asali ikikataliwa kwenye bandari ya huko, warina walioiuza wangedai haki kwa hakimu ambaye wasingemudu hata nauli ya kumfikia. Na nakala hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu kisheria. Mfasiri alilijua hilo. Kila asubuhi alimwomba Mungu aulinde ulimi wake. Kalamu hakuwahi kuiombea.

Mwenyekiti wa ushirika wa warina asali aliingia, akaketi. Desturi ya ofisi ile ilikuwa moja: mfasiri husoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na mtia saini hujibu "nimesikia" ndipo asomewe kinachofuata. Mama yule alijibu kwa utulivu, kama anayeitikia sala. Mara ishirini.

"Mkataba huu utaongozwa na sheria inayofaa."

"Nimesikia."

Jibu lile mfasiri aliliona kama unywele kwenye uji. Kinyaa kilimpanda, na safari hii hakikuwa cha wakili peke yake. Alivitazama vidole vyake mwenyewe.

"Hujasikia, mama," alisema. "Sijakusomea."

Akaivuta nakala ya kigeni, akaifasiri kama ilivyo.

Wakili alicheka. "Mama, msamehe. Lugha ameisomea ukubwani, madarasa ya jioni. Inamchanganya."

"Nchi ameitaja kwa jina. Jina nalo linachanganya?" Mwenyekiti alimkazia macho. "Fuata nyuki ule asali, sawa. Lakini nimfuate hadi ng'ambo, kwa hakimu asiyenijua? Baba, hata nyuki hurudi mzingani."

"Huo ni utaratibu tu, mama."

"Kama ni utaratibu tu, andikeni sheria ya hapa."

Wakili alimgeukia mfasiri. "Wewe, kesho usije."

Mwenyekiti aliifunika kalamu ya kutia saini, akakisogeza kiti chake hadi kikagusana na cha mfasiri.

"Kesho haijafika. Leo bado uko kazini, dada. Turudi ukurasa wa kwanza. Sasa unisomee."

Mfasiri aliufungua. Kifungu cha pili alikuwa amekilainisha katika tafsiri. Cha saba pia. Cha kumi na tatu hakutaka hata kukikumbuka. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri.